Jibu: Dania inayochanua mapema Kisumu

Dada, umeuliza kwa nini dania yako inatoa maua kabla hujaichuma vizuri. Ni joto la Kisumu, na pia kule kuihamisha kutoka kitaluni: mzizi wake mkuu ukisumbuliwa, inakimbilia maua. Panda mbegu papo hapo kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Zibingirishie chupa kwanza zipasuke, maana kila punje ina mbegu mbili. Iweke panapopata jua la asubuhi tu, na upande nyingine kila baada ya wiki tatu. Iliyochanua usiing'oe, itakupa mbegu za pilau.

Umeuliza pia mvinyo gani unafaa kuliwa na ngege (samaki aina ya tilapia) wa nyanya na ndimu. Mweupe usio na sukari, baridi kabisa. Mwekundu mzito na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Huo weka wa nyama choma.