Kisima mita 3 kwa saa, pampu lita 100 kwa dakika, dripu lita 2 kwa saa: je, vinaendana?

Mkuu, swali lako wengi hulikumbuka pampu ikishaungua, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu. Kwa waliochelewa: ripoti ya wachimbaji inasema kisima kinatoa mita 3 za ujazo kwa saa, pampu ya dukani imeandikwa Qmax (kiasi cha juu kabisa cha maji) lita 100 kwa dakika na Hmax (kimo cha juu kabisa) mita 60, na muuza dripu, ile mipira ya kumwagilia kwa matone, anasema kila tundu linatoa lita 2 kwa saa. Unataka kumwagilia ekari moja ya nyanya. Mimi nafunga pampu na dripu huku Dodoma na Singida, na kwa hesabu zangu vitu hivyo vitatu haviendani.

Vilete vyote kwenye kipimo kimoja kwanza. Mimi hutumia mita za ujazo kwa saa, maana ndiyo uniti ile ile ya bili ya maji: uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Lita kwa dakika zidisha kwa 60, kisha gawa kwa 1,000. Lita 100 kwa dakika ni lita 6,000 kwa saa, yaani mita 6 za ujazo. Kisima chako ni mita 3. Kwenye makaratasi ulikuwa na 100 na 3, ukaona ni mambo mawili tofauti. Ukiziweka pamoja kama 6 na 3, unaona wazi kuwa pampu inaweza kunyonya mara mbili ya maji yanayoingia kisimani.

Hapo ndipo pampu zinapofia. Kisima cha inchi 6 kina takribani lita 18 tu kwa kila mita ya maji yaliyosimama. Ukiwa na mita 30 za maji juu ya pampu, hiyo ni kama lita 540. Ukitoa lita 100 kila dakika huku zinaingia 50, akiba hiyo haimalizi hata robo saa. Baada ya hapo pampu inavuta hewa, inakosa maji ya kuipoza, na mota inaungua.

Sasa angalia kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Qmax na Hmax hazitokei kwa wakati mmoja. Lita 100 ni pale pampu inaposukuma bila kupandisha maji popote, na mita 60 ni pale maji yanapofika juu na kusimama, hayatoki tena. Wewe uko katikati. Omba jedwali au mchoro wa pampu, utafute inatoa kiasi gani kwenye kimo chako halisi: kina cha maji wakati pampu inafanya kazi (si kabla hujaiwasha), ongeza urefu wa mnara wa tangi, ongeza msuguano wa bomba. Huenda kwa kimo cha mita 48 pampu hiyo hiyo ikashuka ikafaa. Bila jedwali, usinunue. Na usivute 3 zote za ripoti; mimi hubaki kwenye asilimia 70 hivi, kwako ni kama mita 2 kwa saa. Kiangazi maji hushuka.

Ukishafunga, hakiki kwa ndoo. Jaza hadi alama ya lita 20, si hadi mdomoni, hesabu sekunde, halafu gawa 72 kwa sekunde hizo. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Sekunde 24 ni 3, sekunde 36 ni 2. Hiyo 72 ni 20 mara 3.6, kwa kuwa lita 1 kwa sekunde ni mita 3.6 za ujazo kwa saa. Pima baada ya pampu kufanya kazi saa kadhaa, maana mwanzoni unapima akiba iliyolala kisimani.

Dripu nayo inadanganya kwa udogo wa namba. Lita 2 kwa saa inaonekana si kitu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mistari ikipishana mita 1.5 na matundu sentimita 30, unapata karibu matundu 9,000. Mara 2 ni lita 18,000 kwa saa, yaani mita 18! Kwa hiyo gawa shamba vipande 9, kila kimoja na koki yake, ufungulie kimoja kimoja.

Halafu muda. Nyanya zikishabeba, kwenye jua la huku mimi napigia milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya ekari ni mita 4 za ujazo, kwa hiyo unahitaji kama mita 20 kila siku. Kwa mita 2 kwa saa ni saa 10. Kwa umeme inawezekana. Kwa sola yenye saa 6 za jua zuri utapata 12 tu, na ningekushauri uanze na nusu ekari.

Bomba: kasi ya maji, kwa mita kwa sekunde, ni 354 mara mita za ujazo kwa saa, gawa kwa kipenyo cha ndani cha milimita kikijizidisha chenyewe. Mita 2 za ujazo kwa saa kwenye bomba la milimita 25 ni kama 1.1, safi. Mita 6 kwenye bomba hilo hilo ni 3.4. Zidisha kwa 3.6 (ndiyo ile ile) upate kilomita 12 kwa saa. Maji yaende mwendo wa mtu anayetembea, si anayekimbia. Mimi sipitishi 1.5, kwa sababu zaidi ya hapo msuguano unakula kimo chote ulicholipia.

Ukikuta pampu ya galoni kwa dakika, uliza galoni ya wapi. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza lita 4.546.

Tuwekee hapa kina cha maji wakati wa upimaji, urefu wa mnara, umbali wa bomba na kipenyo chake cha ndani, pamoja na picha ya jedwali la pampu. Tutakufanyia hesabu kabla hujatoa hela.