Haidrokotisoni kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi
Dada, umeuliza kama haidrokotisoni, dawa ya kupaka ya aina ya steroidi inayotuliza uvimbe na muwasho, itamharibu ngozi mwanao mwenye pumu ya ngozi. Ile ya asilimia 1 ni ya nguvu ndogo. Ukimpaka kwenye mikunjo ya viwiko kwa siku chache hadi wiki, inatuliza kweli muwasho. Kipimo chake: dawa ya kujaza ncha ya kidole chako hadi mkunjo wa kwanza inatosha eneo la viganja vyako viwili. Ninachokusihi, usimpake klobetasoli, steroidi nyingine, usoni hata jirani akiisifu vipi. Ni kali mno, huifanya ngozi iwe nyembamba. Na kama kumbe ni fangasi, si pumu ya ngozi, steroidi huificha tu huku fangasi ikisambaa, kwa hiyo daktari aione ngozi kwanza. Mafuta mazito ya kulainisha apakwe kila siku, hata ngozi ikitulia.