Kufanya kazi Nozawa Onsen wakati wa theluji: jibu kwa ndugu aliyeuliza

Ndugu uliyeuliza kuhusu kazi ya likizo katika nyumba ya wageni huko Nozawa Onsen, na kama mtu aliyekulia Tanga anaweza kuistahimili baridi yake, nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa nami nilikuwa mwanafunzi Japani na nilifanya kazi ya namna hiyo kijijini humo kwa misimu miwili. Baridi si tatizo kubwa; nguo zipo, na mwili huzoea. Jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokuchosha au kukufurahisha, ni kwamba theluji ya kule ni kazi ya kila siku, na kazi hiyo haina mpaka kati ya nyumba yako na ya jirani.

Kisheria Nozawa Onsen ni kijiji, chenye wakazi wapatao 3,500, kaskazini mwa mkoa wa Nagano, kwenye mteremko wa Mlima Kenashi wenye kimo cha mita 1,650. Utakapofika utauona kama mji mdogo uliobanana: vichochoro vyembamba vya kupanda na kushuka, maduka, nyumba za wageni za kifamilia ziitwazo minshuku, na mvuke wa chemchemi za maji ya moto unaofuka kila kona. Kutoka Tokyo utapanda treni ya mwendo kasi hadi Iiyama, safari isiyofika saa mbili, kisha basi kwa muda wa dakika 25 hivi. Kabla ya Machi 2015, stesheni hiyo ya treni ya mwendo kasi ilipofunguliwa, safari ilikuwa ndefu zaidi.

Utaondoka Tokyo kwenye jua na anga kavu, na siku hiyo hiyo utashuka mahali ambapo theluji imerundikana pande zote mbili za barabara kupita kichwa chako. Sisi tuliozaliwa na kaskazi na kusi hatuhitaji kuelezwa sana. Upepo wa majira ya baridi hutoka Siberia ukiwa mkavu, hupita juu ya Bahari ya Japani ambayo hutiwa uvuguvugu na mkondo wa Tsushima, hubeba mvuke, kisha hukutana na milima na kuutua mzigo wote upande huo; unapovuka kuelekea Tokyo hauna kitu tena. Katika kijiji jirani cha Sakae, kwenye stesheni ya Mori-Miyanohara, kuna nguzo iliyowekwa alama ya theluji iliyopimwa tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85. Nilisimama chini ya nguzo ile nikaitazama kama mtu anayetazama mnazi.

Sasa kazi yenyewe. Gari la kusukuma theluji hupita kabla ya mapambazuko, na likipita huacha tuta gumu mbele ya kila mlango, kwa hiyo saa 11 alfajiri tulikuwa nje. Chombo utakachokipenda ni beleshi kubwa mfano wa beseni, lenye mpini wa kushikwa kwa mikono miwili, ambalo wenyewe huliita "mamasan dampu" kwa sababu hata mama wa nyumbani huweza kusukuma nalo mzigo mkubwa. Theluji mpya ni nyepesi kama pamba, lakini iliyolala siku tatu ni mawe. Paa waachie wenyeji. Kila mwaka Japani hupoteza watu, wengi wao wazee, wanaoanguka wakiteremsha theluji paani au kufunikwa nayo inapoporomoka, na mwenye nyumba yangu, mzee wa miaka zaidi ya 70, hakupanda bila kamba wala bila mtu wa kumwangalia chini. Mimi nilikuwa yule wa chini.

Kosa langu kubwa lilitokea wiki ya pili. Kando ya barabara kuna mifereji yenye vifuniko vya chuma, ambamo maji hupita kwa kasi na kuchukua theluji unayoitumbukiza. Nilipoona jinsi inavyomezwa, nikajiona fundi, nikatumbukiza mfululizo bila kupumzika. Mfereji ukaziba, maji yakafurika, yakaingia kwenye ukumbi wa nyumba ya jirani aliye chini yetu. Hakuna aliyenifokea, na kwa kweli ningependa wangenifokea. Mama mwenye nyumba alinunua boksi la vitamutamu, akanivalisha koti safi, tukaenda wote wawili kuinama mlangoni kwa jirani, kisha nikapewa maelezo ambayo nilipaswa kuyauliza mwanzoni: kila unachotumbukiza hupita mbele ya milango ya wengine, kwa hiyo hutia kidogo, hungoja, hutazama maji, ndipo hutia tena. Tangu siku ile nilianza kutazama kijiji kwa jicho jingine.

Chukua mfano wa maji ya moto. Wageni husifu kwamba kuna nyumba 13 za kuogea zilizo wazi kwa yeyote, bila malipo, isipokuwa kisanduku cha sadaka mlangoni. Wengi hudhani ni za serikali. Kila moja ni ya wakazi wa mtaa wake, walioungana katika chama kiitwacho yu-nakama. Wao ndio husugua sakafu kwa zamu na kulipa umeme. Kwa hiyo jisafishe kwanza kwa maji ya ndoo kabla ya kuingia birikani, usitie taulo majini, na ukiona maji ni ya moto mno, usifungulie bomba la baridi bila kumwomba radhi mzee aliyekutangulia. Wanaume na wanawake wana vyumba vyao, lakini ndani hakuna nguo. Kwa mwenye kuchunga stara jambo hili si dogo: rafiki yangu wa Unguja aliyenitembelea alioga katika bafu la nyumba ya wageni, linalofungwa kwa ndani, wala hakuna aliyemshangaa. Chemchemi ya Ogama, ambayo maji yake hukaribia nyuzi 90, ni ya kuchemshia mboga na mayai, na ni wenyeji peke yao wanaoruhusiwa kuingia.

Mboga yao kuu ni nozawana, majani marefu ya jamii ya tanipu. Huvunwa mwishoni mwa vuli, huoshwa katika mabirika yale yale ya kuogea, kisha hutiwa chumvi kwenye mapipa. Utaila asubuhi na jioni. Kama huli chochote chenye kilevi, sema mapema, maana mchuzi mwingi wa Kijapani hutiwa mirin, pombe tamu ya mchele, na mpishi haihesabu kuwa pombe.

Tarehe 15 Januari ni usiku wa sherehe ya moto wa Dosojin, mungu mlinzi wa njia. Likizo ndefu ya chuo huanza Februari, hivyo mimi nilikwenda kwa usiku mmoja tu. Wanaume wenye miaka 42, umri unaohesabiwa kuwa wa nuksi kwa sababu tarakimu zake zikisomwa kwa Kijapani hukaribia neno la kufa, husimamia ujenzi wa banda refu la magogo na kukaa juu yake. Wa miaka 25 hulilinda chini, kwa miili yao, dhidi ya kijiji kizima kinachokuja na mienge. Mwishoni banda huteketezwa. Ukikaribia utamiminiwa sake, pombe ya mchele, ukatae kwa tabasamu.

Kuhusu chumba: nyumba nyingi hupitisha baridi, na joto hutoka kwenye jiko la mafuta ya taa. Harufu yake itakukumbusha nyumbani. Gari la mzee lilikuwa kirikuu, kama zile zetu, ila limeliwa na kutu chini kwa sababu ya dawa ya kuyeyushia barafu barabarani. Ukinunua gari la Japani, mwambie wakala apige picha ya uvunguni.

Karatasi muhimu ni kibali cha mwanafunzi kufanya kazi: saa 28 kwa wiki, na saa 8 kwa siku wakati wa likizo ndefu. Kiombe mapema. Viatu vya mpira virefu vipo Iiyama, lakini kama mguu wako unazidi sentimita 28, nunua Tokyo kabla ya kupanda treni.