Shangazi, kila tukisafiri likizo tunarudi hatuongei

Binti yangu, barua yako nimeisoma yote, na usiombe radhi kwa urefu, mambo ya ndoa hayaandikwi mistari mitatu. Kwa wasomaji wengine nieleze kidogo. Huyu binti na mumewe ni walimu, wanafundisha Kiingereza chuo kimoja huko China, wanaishi nyumba ya chuo chumba na sebule, darasa zao ziko jengo moja, kantini moja, na kila muhula ukiisha wanabeba mabegi wanaingia nchi za jirani. Likizo ya baridi iliyopita walienda Vietnam na Kambodia wakarudi wamenuniana. Safari hii mume keshapanga Laos, Thailand, Malaysia na Singapore kwa wiki tatu, ratiba iko kwenye simu saa kwa saa, na binti anauliza bora apande ndege arudi kwao peke yake amwachie mwenzie safari? Na je, ndo ndoa inakufa hivyo?

Haifi. Na nasema hivyo kwa kitu ulichokiandika mwenyewe ukakipita mbio, ile siku ya Angkor, kule kwenye mahekalu ya kale ya Kambodia. Mmeamka saa tisa na nusu usiku ili muwahi jua linavyochomoza nyuma ya minara ya Angkor Wat, kutoka hapo hekalu la Bayon kwenye zile sura za mawe, mmepanda ngazi mmeshuka ngazi, saa saba mchana jua kali mko hekalu la Ta Prohm pale mizizi ya miti imeshika kuta, we ukakaa juu ya jiwe ukasema mi siendi tena popote. Yeye akasema tiketi inaisha leo, akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi na chupa mbili za maji, akakaa jiwe la pembeni bila kusema neno. We ukaliandika hili kama ushahidi kwamba hakujali. Mimi nimeliona tofauti kabisa, mtu asiyejali angemaliza mahekalu yake na angekunywa maji yake huko huko. Alirudi, ila hakujua aseme nini, na we pia ulikuwa hujamwambia kwamba umechoka tangu Bayon, ulisubiri mpaka ukaripuka.

Halafu tuangalie hiyo tiketi maana ndo iliyowagombanisha. Ya siku moja pale Angkor ni dola 37 za Marekani, ya siku tatu ni dola 62, na hizo siku tatu si lazima zifuatane, unazitumia ndani ya siku 10. Tofauti ni dola 25 kwa mtu. Mumeo aliona anaokoa 50 za wote wawili, nia nzuri kabisa, lakini kwa 50 hiyo mngeona asubuhi mahekalu mawili, mchana mkalala, kesho yake mkapumzika, mkarudi keshokutwa. Mwambie hivyo hivyo kwa hesabu, maana ulivyomweleza ni mtu wa hesabu, ukimwambia "hunijali" hataelewa umemaanisha nini ila ukimwambia dola 25 ataelewa.

Na Vietnam nayo mlijitia wenyewe kwenye shida. Mwaka Mpya wa Kichina na Tet, yaani mwaka mpya wa Vietnam, huwa vinakwenda pamoja, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20, na ndo kipindi nyie mko likizo. Mmefika Hanoi migahawa mingi imefungwa, watu wote wanaenda kwao, treni ya kushuka Ho Chi Minh imejaa mkapata viti badala ya vitanda, njia ya kilomita 1,726, zaidi ya saa 30 mtu amekaa. Hapo hata wanaopendana sana wangegombana bana. Kwa hili Laos mumeo kachagua vizuri, mpe haki yake. Laos na Thailand mwaka wao mpya unakuwa katikati ya Aprili kwa hiyo maduka yako wazi, na reli ya kutoka Kunming huko China mpaka Vientiane, mji mkuu wa Laos, iliyofunguliwa Desemba 2021 imewapunguzia mateso ya barabara za milimani.

Ila nchi nne wiki tatu hapana. Hapo niko upande wako.

Kinachowamaliza, mwanangu, ni kwamba hamna hata saa moja mko mbali mbali. Asubuhi ofisi ya walimu pamoja, mchana kantini pamoja, jioni mnasahihisha mitihani meza moja, halafu likizo ndo mnafungiwa kwenye basi la usiku bega kwa bega na chumba cha hoteli chenye kitanda kimoja. Hakuna mtu anayeweza kummisi mwenzie hivyo. Na mnaondoka siku ya pili tu baada ya kuingiza maksi, kichwa bado kina sauti za wanafunzi, alafu unategemea ufurahi saa tisa usiku.

Kwa hiyo mi ningefanya hivi. Siku tatu za kwanza za likizo hamwendi popote, mnalala, mnafua, mnakula mkiamka. Kisha Laos na kaskazini ya Thailand basi, Malaysia na Singapore zisubiri likizo ya kiangazi. Luang Prabang, huko huko Laos, mkae siku tano au sita sehemu moja, begi lifunguliwe nguo zitundikwe. Asubuhi yeye aende huko anakotaka, maporomoko ya Kuang Si, mapango, ngazi za mlima Phousi, apige picha zake zote, na wewe ukae kando ya Mekong na kahawa na kitabu chako kama ulivyosema unatamani, halafu jioni mkutane kwenye chakula kila mtu ana lake la kusimulia. Hayo ndo mazungumzo mliyoyapoteza, siku zote mmeona kitu kile kile dakika ile ile sasa mtaambiana nini? Na kama mnataka Chiang Mai, huko kaskazini ya Thailand, nendeni mapema, kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili mashamba yanachomwa na moshi unakuwa mzito, kifua chako ulichosema kina pumu hakitaupenda.

Jambo jingine dogo ila likisahaulika hamfiki popote, kama vibali vyenu vya ukaazi vinakaribia kuisha, pasipoti zinabaki polisi wakati wa kuhuisha na inaweza kula wiki mbili na zaidi. Ulizeni ofisi ya chuo sasa hivi, wala msilipe tiketi isiyorudishiwa hela kabla pasipoti haijarudi mkononi.

Sasa nikuseme kidogo, usinikasirikie. Umesema wale walimu wenzio wageni wote wanajua habari ya Angkor, umewatumia mpaka voisi noti ukiwa Siem Reap, mji wa karibu na Angkor, ukamwigiza na sauti yake. Kundi la walimu wa kigeni ni dogo mno, mumeo anakaa nao mkutano kila wiki na anajua wanajua. Hilo limemuumiza kuliko unavyofikiri, na ndo maana amekuwa mkimya. Lifunge. Hasira zako ziandike kwangu.

Na kwenda kwenu peke yako si dhambi, ukiwa umewamisi wazazi nenda. Lakini ukienda kwa kukimbia safari utafika na hasira, utaulizwa mumeo yuko wapi, utasimulia, na wao watashika habari hiyo miaka hata baada ya nyie kupatana.

Umeandika "ratiba anapanga yeye kila mara". Hukuandika hata mara moja uliyokaa naye mezani ukasema mi nataka hapa, hapa sitaki. Leo jioni mkimaliza kula kaa naye, fungueni ramani pamoja, mwambie unaipenda ile ya Laos, mwambie na hizi siku tatu za kulala. Na Singapore kama bado hajalipia, mwombe asilipie kwanza.

Shangazi yako