Kalenda ya redio iliandika milimita 2, mbona tumelowa chepechepe?

Wasomaji wanauliza, mtangazaji mstaafu wa taarifa za hali ya hewa anajibu.

SWALI: Shikamoo mzee. Redio ya eneo letu hutoa kalenda ya hali ya hewa kila mwaka, nami sikosi nakala yangu. Kila siku ina kisanduku chake: wastani wa joto, wastani wa mvua, rekodi, jua kuchomoza na kuzama. Siku tuliyopanga hafla ya familia iliandikwa milimita 2. Tukaona hayo ni manyunyu tu, tukapanga viti nje. Ilinyesha mpaka turubai likabonyea. Asubuhi yake mtangazaji wa redio hiyohiyo alikuwa ameonya kuhusu mvua kubwa, ila mume wangu akasema kilichochapishwa hakiwezi kushindwa na maneno ya hewani. Nani alitudanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamkudanganywa, ila swali lenu mlilipeleka kwa asiyehusika. Kalenda ile ilikwenda kiwandani kabla mwaka haujaanza. Ndani yake hamna utabiri wa mvua hata wa siku moja, mna kumbukumbu. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wastani wa namna hiyo huhesabiwa kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Sasa chukua tarehe yenu. Tuseme miaka 29 halikudondoka hata tone, na mwaka mmoja zikashuka milimita 60. Gawa kwa 30: milimita 2, zilezile mlizozisoma. Huenda tarehe hiyo haijawahi kupata mvua ya milimita 2 tangu vipimo vianze. Na milimita 60 si mchezo. Milimita moja ni lita moja katika kila mita ya mraba, kwa hiyo turubai la mita 5 kwa 4 linapokea lita 1,200.

Wanaotengeneza kalenda hizi wangenisikiliza, ningewaomba waufute huo wastani wa mvua wa siku mojamoja na kuandika, kwa mfano, “ilinyesha miaka 6 kati ya 30”. Hapo kila mtu anaelewa bila kwenda shule. Joto halina taabu kubwa hivyo, kwa sababu haliruki kutoka sifuri hadi 60. Wastani wake unasaidia kweli.

Sehemu ya kuaminika kuliko zote ni ile ambayo wengi hawaitazami: mawio na machweo. Hayo yanapigwa hesabu, na mwaka hadi mwaka hayabadiliki sana. Hakikisheni tu yamehesabiwa kwa mji wenu, maana kwa kila digrii moja ya longitudo kuelekea magharibi jua huchelewa dakika 4. Tarehe za mwezi mpevu ndizo zinazohama, siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haitawafaa kwa hilo.

Mume wako mwambie taratibu: kalenda ni ya kuchagua mwezi wa hafla, mapema kabisa. Ikibaki siku mbili, sikilizeni redio.

SWALI: Mtangazaji wetu husema “uwezekano wa mvua ni asilimia 40”. Ni asilimia 40 ya mji au ya siku nzima? Mimi naona ni ujanja wa kukwepa lawama.

JIBU: Si mji, wala si saa. Kusanya siku zote alizotamka 40. Pale ulipo, siku 4 katika kila 10 zinatakiwa zipate mvua. Siku moja peke yake haimwoneshi kuwa hodari wala mwongo.

Ukitaka kumbana kwa haki, silaha unayo ukutani. Kila asubuhi andika kwenye kisanduku cha kalenda asilimia iliyotangazwa, na kesho yake weka alama kama ilinyesha. Mwaka ukiisha, hesabu siku za 40 zilizolowa, kisha za 10, kisha za 80. Mwaka 1950 Mmarekani Glenn Brier alitoa kanuni ya kuwapima watabiri wa asilimia, na hadi leo inatumika.

Kumbuka pia kwamba redio nyingi ndogo hazina mtabiri. Karatasi hutoka idara ya hali ya hewa ya taifa, mtangazaji anaisoma. Katika miaka yangu ya studio hakuna kilichoniudhi kama mhariri kuchukua kalamu, kukata “asilimia 40” na kuandika “mvua itanyesha”, eti sentensi iwe fupi! Kingine kinachokatwa ovyo ni saa ya kutolewa kwa utabiri. Puto za kupima anga hurushwa duniani kote kwa ajili ya vipimo vya saa sita usiku na saa sita mchana, kwa saa za Greenwich, na hesabu mpya hufuata. Taarifa ya jana jioni ikirudiwa leo mchana imeshachacha. Pigeni simu redioni muulize ilitolewa saa ngapi. Mna haki hiyo.

SWALI: Redio yangu ya zamani hukwaruza kabla ya mvua. Imeharibika?

JIBU: Ni nzima. Radi hutoa mawimbi ya redio, na masafa ya AM huyapokea kama mikwaruzo hata radi ikiwa mbali sana. FM haisumbuki hivyo. Izungushe redio polepole: mikwaruzo ikififia, ncha moja ya antena iliyo ndani inaelekea kwenye radi, ingawa haikwambii ni ncha ipi. Ukianza kusikia ngurumo, hesabu sekunde tangu mmweko, gawa kwa 3 upate kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.