Bandari ya Bagamoyo na sisi wa Mbeya

Mkuu, umeuliza bandari ya kina kirefu Bagamoyo ikijengwa kwa ubia na sekta binafsi, mkulima wa parachichi kule Rungwe anapata nini. Kwa gati peke yake, kidogo sana. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita hapa Mbeya lakini inaishia Dar, na Bagamoyo iko kilomita 70 hivi mbele zaidi. Bila reli ya kuunganisha, mzigo wetu na ule wa Zambia unaopita Tunduma utabaki kwenye malori, yaleyale yanayobanana mlima Kitonga. Kwa hiyo uliza kwanza nani anajenga hiyo reli, mwekezaji au kodi zetu?

Halafu masharti. Makubaliano ya awali na kampuni ya China Merchants ya China yalikuwa ya 2013, mfuko wa serikali ya Oman ukaingia baadaye. Mwaka 2019 Magufuli aliyakataa hadharani, akitaja kukodisha eneo miaka 99 na kuzuiwa kuendeleza bandari nyingine kuanzia Tanga hadi Mtwara. Hilo la Mtwara ndilo lingetuumiza zaidi watu wa kusini (ajabu ni kwamba halisemwi sana). Ubia siupingi, mradi meli zisipokuja hasara aibebe na mwekezaji, siyo Hazina peke yake.