Nyayo zangu zilikuwa na mkaguzi

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ulikulia pekupeku? Miguu yako ilitunzwaje wakati huo, na leo unaitunzaje?" Najua wengi watajibu nusu ya kwanza kwa mbwembwe na kuiruka ya pili. Mimi nina sababu ya kujibu zote.

Nilizaliwa milimani Manyovu, mkoani Kigoma, tukiwa bado wilaya ya Kasulu. Buhigwe, ambamo Manyovu imo sasa, imekuja kuwa wilaya mwaka 2012. Viatu vyangu vya kwanza nilivivaa darasa la tano, katambuga za tairi alizoninunulia baba sokoni Kasulu. Kabla ya hapo nilikwenda shule, mtoni, shambani kwenye kahawa na hata kanisani kwa ngozi niliyozaliwa nayo. Umande wa kule asubuhi unakata kama wembe. Tukimkuta ng'ombe amelala kando ya njia tulimwamsha, tukasimama pale alipoacha joto lake mpaka vidole vipate uhai. Aliyewahi kinyesi kibichi alikuwa na bahati zaidi, na hapo sitaongeza neno.

Nyayo zilikuwa ngumu kweli. Tulishindana kuzima kaa la moto kwa kisigino. Mbigili ukiikanyaga, unaikwangua kwenye jiwe unarudi kwenye mpira. Kilichotutoa machozi ni kidole gumba kugonga kisiki, tena kidole kilekile kilichogonga jana.

Lakini adui mwenyewe alikuwa funza, ambaye wengine humwita tekenya. Watu hudhani huyu mdudu ni wetu tangu enzi za mababu. Si wetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimshusha Angola, akiwa kwenye mchanga uliopakiwa ili meli isiyumbe, naye akafuatana na misafara ya watu hadi akavuka bara. Karne ile haijaisha alikuwa amefika Zanzibar. Maana yake Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, vidole vya watu wa Ujiji vilikuwa bado salama. Kila nikipita pale huwa nawaza hilo kuliko mwembe wanaoonyeshwa wageni.

Kila jioni, tukishamaliza ugali wa muhogo, mama alisogeza koroboi na sisi tukajipanga, mkubwa mpaka mdogo. Mguu unaupandisha juu ya paja lake. Alianzia pembeni mwa kucha, akapita katikati ya vidole, akamalizia kisigino. Funza wa siku mbili ni kidoa chekundu kinachowasha tu. Wa wiki moja ni uvimbe mweupe kama punje ya choroko, wenye kitone cheusi katikati. Kile kitone ni mkia wake; kichwa kimezama nyamani, na kwa huo mkia uliobaki nje anapumua na kudondosha mayai. Mama aliunguza ncha ya pini kwenye moto wa koroboi, akaizungusha kandokando taratibu, mpaka ule mfuko ukatoka mzima. Ukipasukia ndani, hicho ni kidonda. Ukitoka mzima unatupwa jikoni, unalia "pa!", na wadogo wote wanacheka isipokuwa mwenye mguu. Kisha tundu linaoshwa kwa maji ya chumvi ya Uvinza, na hapo hata mwenye kujifanya mwanaume alikuwa anaita jina la bibi yake.

Nilikuwa nadanganya. Mama akiuliza, "Kuna mahali panawasha?" najibu, "Hapana, mama." Hakuwa na haja ya kuuliza mara ya pili. Alibonyeza kwa kidole gumba huku akinitazama usoni.

Pini ile ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na jirani akiiazima alipewa. Hilo silitetei. Pepopunda, homa ya ini, Ukimwi, vyote vinaweza kupita kwenye ncha kama ile, na kuiunguza kidogo kwenye koroboi si kinga ya kutegemea. Siku hizi kuna mafuta ya dimetikoni yanayopakwa tu, yanaziba pumzi ya funza naye anafia humo bila kuchokolewa. Ila jambo moja mama alilipatia kabla ya wataalamu kutufikia: alianza na nyumba ndipo akaja kwenye miguu. Funza anapenda vumbi kavu. Sakafu yetu ya udongo ilinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, Jumamosi ikasiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na mbuzi waliokuwa wanalala nasi ndani baba akawajengea banda lao baada ya ugomvi wa muda mrefu ambao mama alishinda.

Kiangazi kilikuwa na yake. Kuanzia mwezi wa sita visigino vilipasuka magaga, mengine ya kuingiza ukucha. Usiku tuliloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, tukasugua kwa gunzi la mahindi, kisha mama akatupaka mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, aliyoagiza kutoka Mwandiga, ameyayeyusha pamoja na nta ya nyuki. Harufu yake bado naikumbuka. Nimejaribu krimu nyingi za dukani tangu wakati huo, na sijaona iliyoishinda.

Halafu vikaja viatu. Sitaki nieleweke vibaya: viatu ni neema. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya unyayo wa mtoto anayekanyaga udongo wenye kinyesi cha watu, na damu yake inanyonywa kimyakimya huku mwalimu akimwita mvivu. Ninachosema ni kwamba tangu nilipovaa viatu, mama aliacha kuniita kwenye koroboi. Zaidi ya miaka thelathini ikapita hakuna mtu aliyeitazama miguu yangu, hata mimi mwenyewe.

Miaka sita iliyopita nilikutwa na kisukari. Mwaka jana jioni moja nilivua kiatu nikakuta soksi imelowa damu. Ndani ya kiatu mlikuwa na kizibo cha soda. Nilikuwa nimetembea nacho tangu asubuhi, kutoka Mwanga hadi sokoni na kurudi, sikusikia chochote. Kidonda kile kilinikalisha nyumbani miezi mitatu. Nesi aliyekuwa akinifunga aliniambia sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni ndiyo hutangulia. Mimi niliyejisifu utotoni kwamba sisikii mwiba, sasa sisikii kweli.

Kwa hiyo leo, mimi niliyezima makaa kwa kisigino, siruhusiwi kukanyaga hata sakafu ya sebuleni bila ndala. Kiatu nakikung'uta kabla ya kukivaa. Maji ya kunawa miguu nayapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Mafuta napaka kisigino na juu ya mguu. Katikati ya vidole pabaki pakavu. Kucha nazikata zikiwa zimenyooka, sichimbi pembe. Na mise nimerudia, bila nta.

Macho yangu hayafiki chini ya unyayo, wala mgongo hauinami tena, kwa hiyo mkaguzi sasa ni binti yangu. Baada ya chakula anawasha tochi ya simu, mguu naupandisha juu ya paja lake. Kuna jaribio alilofundishwa kliniki. Ananiambia, "Baba, funga macho," kisha ananigusa vidole kwa ncha ya kidole chake, kimoja baada ya kingine, nami nataja ninaposikia.

Juzi nilifumba macho, nikangoja kidogo, nikataja kidole gumba cha kulia.

"Baba," akasema, "bado sijakugusa."

Msomaji, Mwanga, Kigoma